Kilo Saba hadi Opala

Kabondo, Kisangani
Jumatatu, 2 Juni 2025

Kwa Priscille, Ubundu

Mahakama itahamia Opala kwa siku tano za kazi kuanzia Jumatano tarehe 18 mwezi huu, na redio yetu itapeleka waandishi wawili. Amesema hivyo mkurugenzi, Mama Benie, leo saa mbili asubuhi katika kikao cha habari. Aliyeniandikia ni tantine yako Berthe, ambaye ndiye anayeweka kumbukumbu za kikao. Mke wangu hajawahi kukosea jina wala tarehe. Mimi nilikuwa palepale kwenye kiti cha wastaafu, lakini unajua hali ya masikio yangu tangu mwaka juzi: naona midomo inakwenda, nangoja karatasi. Ndiyo sababu nawe utaendelea kupata barua zangu na si simu.

Kesi ni hii. Akina mama kumi na wanane wa kijiji cha Yabotolo wanasema kampuni moja ya mbao ilipitisha mashine katika mashamba yao ya mihogo. Watatoa ushahidi wenyewe, mmoja mmoja.

Mwandishi wa kwanza ni Lambert, pamoja na jeep, fundi mitambo na jenereta. Wa pili ni wewe, ukikubali kwenda kwa pikipiki. Redio inafungua ofisi Opala, mwandishi mmoja, miaka miwili. Mama Benie amesema: yule ambaye taarifa yake ya kesi itasikika kwanza, katika habari za saa kumi na mbili jioni tarehe 18, ofisi ni yake. Isipofika yoyote siku hiyo, ofisi haifunguliwi mwaka huu.

Hakuna mwanamke aliyewahi kupewa ofisi ya territoire, yaani ya wilaya, katika redio hii. Lambert alicheka, bila ubaya; bado anakuona mdogo. Berthe ameandika maneno yake: "Petite Priscille kwa njia ya Opala? Ile njia inakula magari." Nilisimama nikajibu kwamba njia inayokula magari haili mtu aliyebeba kidogo, na kwamba utafika na mfuko wa kilo saba. Walionisikia ni watu kumi na wanne. Kwa hiyo, mtoto wa ndugu yangu, neno langu nalo liko safarini.

Kilo saba si maneno yangu. Ni ya Glodi, mwendesha pikipiki aliyekubali. Nyuma anafunga madumu mawili ya petroli kwa sababu baada ya Lubunga hakuna pompi ya kuaminika. Kilo ya nane, anasema, itabaki Lubunga.

Vijana wa redio wanapenda kusimulia kwamba kwa miaka thelathini na moja nilizunguka mkoa huu na mfuko mmoja, na ndiyo asili ya jina langu, Zakaria wa Mfuko Mmoja. Fanya kama nilivyofanya. Kitu kisicho na kazi mbili kinabaki nyumbani. Kitenge ni shuka, ni taulo, ni pazia la kuogea, ni kamba ukikisokota. Daftari likate katikati. Kalamu mbili, si tano; mwandishi mwenye kalamu tano anagawa tatu. Kila kinachotumia umeme kiingie katika sacheti mbili za plastiki, ya ndani na ya nje.

Pima kabla hujajibu.

Tonton Zakaria


Ubundu
Alhamisi, 5 Juni 2025

Tonton,

Mfuko wangu una kilo kumi na tisa na gramu mia nne. Amesema Mama Sara, muuza samaki hapa bandarini, aliyeutundika kwenye mizani yake kati ya mbisi wawili, samaki wa kuvutia macho. Mtu wa reli alinipa barua yako jana mchana, nami nimetii: nimepima kabla ya kujibu.

"Mama, weye unatembea ao unahama?" akaniuliza.

Bon. Nikaufungua palepale juu ya turubai, na wauzaji wote wakaacha samaki wakaja kuhukumu. Sijawahi kuhojiwa namna hiyo. Walianza na pasi.

"Opala iko na courant?"

"Hapana, umeme hakuna."

"Utapasi na macho?"

Pasi ikatoka. Ulishawahi kuniambia kwamba mwandishi wa Kisangani hatambulikani kwa kipaza sauti bali kwa shati lililonyooka, kwa hiyo sehemu ya lawama ni yako. Kikatoka kiatu cha kisigino. Likatoka blanketi. Vikatoka vitabu viwili vya sheria nilivyokuwa nimebeba nionekane mtu anayejua sheria. Likatoka dumu dogo la mafuta ya mawese ambalo hata sikumbuki nani alinipa nimpelekee nani. Mama Sara alishika kopo langu la maziwa ya unga, akalitikisa, akauliza kama Opala ng'ombe wote wamekufa.

Kilichobaki nakiandika kwa uzito, nimepima kimoja kimoja. Simu: gramu 190. Kinasa sauti kidogo na betri zake mbili: 130. Kipaza sauti cha kubana kolani: 30. Paneli ya jua ya kukunja: 610. Betri ya akiba: 350. Kadi mbili za kumbukumbu hazina uzito ambao mizani ya samaki inaweza kuuona. Nusu mbili za daftari: 240. Neti ya mbu: 450. Kitenge: 520. Suruali moja, mashati mawili, nguo za ndani, kandambili. Koti la mvua. Nusu mche wa sabuni, dawa za malaria, chumvi. Sahani ya bati na kijiko: 190. Biskuti pakiti sita, maji lita moja. Pamoja na mfuko wenyewe: kilo sita na gramu mia tisa. Mkeka umebaki kwa Mama Sara.

Nimekubali kwenda. Nadhani umeshajua.

Jambo moja naomba uwaambie watu wa nyumbani kabla sijafika Kisangani Jumatatu. Mizigo ya watu sibebi, hata sindano. Unawajua watu wetu: ukisema "naenda", hujafunga zipu kuna mtu mlangoni ana kifurushi cha makayabu, samaki wa chumvi, kwa shemeji yake. Mwaka jana kwenda Isangi nilibeba viatu vya mtoto, sufuria na kuku hai. Kuku aliharibu mahojiano mawili. Katika hadithi zako zote za safari, tonton, sijawahi kukusikia ukitaja kifurushi. Mfuko mmoja, basi. Nimeelewa somo.

Nitafika, na Lambert atanikuta nimeshakaa.

Priscille


Yaikela, ukingo wa mto Lobaye
Ijumaa, 13 Juni 2025

Tonton,

Tuko kilomita 142 kutoka Lubunga. Amesema Glodi, kwa mita ya pikipiki yake, ambayo inafanya kazi kuliko breki. Tuliondoka juzi Jumatano saa moja asubuhi na tulifika hapa jana saa nne. Barua hii anakuletea mchuuzi wa mpunga anayerudi Kisangani.

Kila kitu kinakwenda vizuri. Mfuko bado una kilo sita na gramu mia tisa ukiondoa biskuti nilizokula. Mvua ya Jumatano ilitupiga kilomita thelathini. Simu na kinasa sauti havikupata hata tone. Sacheti mbili, ulisema kweli.

Najua tantine Marthe, dada yako, atakuwa amekwambia lake, kwa hiyo nawe upate langu. Alivuka mto akatufuata hadi Lubunga na kifurushi mkononi. Nilimweleza kwa heshima kwamba mfuko umepimwa kwa gramu. Hakuniambia ni cha nani, nami sikuuliza. Akageukia watu wote waliokuwa wanangoja kivuko: "Mutoto wa Zakaria anaenda kwa bantu mikono mitupu. Mumuone." Nilipanda pikipiki.

Hapa Yaikela nimepumzika katika darasa la shule ya msingi. Benchi ni pana vya kutosha. Pikipiki zinavushwa kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na mwenye mitumbwi ni mwanamke, Mama Nyota. Jana aliniuliza: "Umebeba kitu ya nani?"

"Sijabeba kitu ya mutu."

"Basi nani anakujua?"

Nikamtajia redio. Akasema redio anaijua, inaongea sana. Tangu hapo wamevuka wauza mpunga wanne, mchungaji mmoja na pikipiki iliyobeba mbuzi. Zamu yetu haijafika. Glodi naye ni mgeni wa njia hii, kazi yake kawaida ni barabara ya Buta, kwa hiyo maneno yake hapa hayana uzito zaidi ya yangu.

Lambert alipita jana saa kumi. Alikuwa na mafuta yake mwenyewe, akayatia kwenye kivuko cha magari, wakamvusha papo hapo. Juu ya jeep nimehesabu jenereta, magodoro matatu, viti vya plastiki na sanduku la bia. Alisimama akaniambia nipande. Nilisema nina pikipiki yangu. Nafasi ni moja, tonton, na siwezi kufika kwenye nafasi hiyo nimekaa juu ya godoro la Lambert.

Biskuti zimebaki pakiti mbili. Siku zimebaki tano, kilomita kama 118. Usiwe na wasiwasi.

Priscille


Kabondo, Kisangani
Jumamosi, 14 Juni 2025

Priscille,

Barua yako imefika leo saa tano. Mchuuzi wa mpunga amemwambia Berthe kwamba jana ulikula biskuti tatu mchana kutwa na kwamba ulilala na koti la mvua kama blanketi. Hayo hukuyaandika. Uliandika "nimepumzika". Nimehariri taarifa za watu kwa miaka mingi, na barua yako nimeihariri vilevile: katika ukurasa mzima hakuna mtu hata mmoja aliyekupa kiti. Nikajua una shida gani na nani ameisababisha.

Barua yangu ya tarehe 2 ilikuwa na kosa. Nalisahihisha.

Mfuko wangu ulikuwa mmoja na ulikuwa mwepesi. Hilo ni kweli. Kisicho kweli ni kwamba sikubeba kingine. Sikuwahi kutoka Kisangani bila vifurushi vya watu, vitatu, vinne, mara nyingine tisa. Dawa ya jicho ya mzee fulani, barua ya mchumba, mbegu za bamia, picha. Sikubeba mkeka kwa sababu nililala kwa watu niliowaletea kitu. Sikubeba sufuria kwa sababu walikuwa wamepika. Mtumbwi ulinisubiri kwa sababu mwenye mtumbwi alijua nina kitu cha mama yake. Swali la Mama Nyota, umebeba kitu ya nani, ndilo niliulizwa kila kivuko kwa miaka thelathini na moja, na kila mara nilikuwa na jibu.

Vijana walipoanza kuniita Mfuko Mmoja niliacha kuvitaja vifurushi. Haikuwa kusahau. Jina lilinipendeza, na vifurushi vilikuwa vinalipunguzia sifa. Hivyo ulipoandika kutoka Ubundu kwamba hujawahi kunisikia nikitaja kifurushi, niliona kosa liko wapi, na sikusema. Ulipopita hapa Jumatatu nilikuwa na siku mbili za kukwambia. Nilikuangalia unavyopanga gramu zako, nikafurahi kama mwalimu, nikanyamaza.

Leo nimekwenda kwa dada yangu Marthe kwa miguu. Alinisimamisha mlangoni dakika ishirini. Kisha alichukua chaki ya mjukuu wake akaniandikia ubaoni: MUNGU ALIKUZIBA MASIKIO. MUTOTO NANI ALIMUZIBA? Akanipa kifurushi. Kilikuwa cha Mama Nyota wa Yaikela, dada mdogo wa marehemu mume wake. Alikufuata nacho hadi Lubunga kwa sababu alijua mtakwama Yaikela.

Jephté, mwendesha pikipiki wa hapa Kabondo, anaondoka kesho Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, pikipiki tupu, na anayo haya:

Cha kwanza, cha Mama Nyota kutoka kwa Marthe: sindano, nyuzi za kushonea na picha ya ubatizo wa mjukuu. Gramu 210. Cha pili, cha katekista Daudi wa kilomita 190 kutoka kwa kaka yake hapa Kabondo: miwani ya kusomea. Gramu 90. Cha tatu, cha Hamadi Aboubakar wa Opala, kutoka kwa binamu zake wa soko kuu: vali na viraka vya baiskeli. Gramu 340. Hamadi ana duka karibu na bandari ya Lomami. Ukoo wake uko pale tangu enzi za misafara. Binamu zake wanasema juu ya paa kuna kisahani cha intaneti ambacho hakiwashi kwa kila mtu, kwa sababu jenereta inakunywa.

Jumla ni gramu 640. Toa neti, 450, na sahani na kijiko, 190. Neti ipo kwa Daudi na ipo kwa Hamadi, na sahani utawekewa. Uzito wa mfuko haubadiliki. Umpe Jephté vitu hivyo arudi navyo.

Ukifika mahali popote, taja kwanza jina la aliyekutuma, kisha jina lako, redio mwisho.

Tonton Zakaria


Opala
Alhamisi, 19 Juni 2025

Tonton,

Taarifa yangu ilisikika jana saa kumi na mbili na dakika nne jioni. Amesema Hamadi Aboubakar, ambaye alikuwa ameegemeza redio sikioni huku akinionyesha vidole: moja, mbili, tatu, nne. Ilikuwa ya kwanza. Ilikuwa pia ya pekee. Labda Berthe ameshakuandikia, lakini chanzo cha pili hakidhuru.

Nakupa mfululizo wake.

Jephté alifika Yaikela Jumapili saa tisa na nusu. Nilisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nimesimama. Nilikuwa na hasira nawe kwa muda wa kutosha kuchemsha chai, kama ningekuwa na chai. Kisha nikaenda ukingoni. "Mama, nimetumwa na Marthe wa Kabondo." Mama Nyota alifungua karatasi, akaitazama ile picha, akawaita wapiga makasia wake kwa majina ya utani ambayo siwezi kuyaandika. Dakika ishirini baadaye pikipiki yetu ilikuwa ng'ambo. Kabla sijavuka alinilisha lituma, ndizi za kuponda, na mbisi wa kuchemsha hadi nikashindwa kuinama. Glodi alikula sahani tatu.

"Siku tatu ulikaa hapa na njaa ju ya nini?" aliniuliza.

"Sikujua, mama."

"Mutu anatoka Kisangani na hakuna mutu anamutuma. Nilisema: huyu amefukuzwa."

Tonton, kijiji kizima walidhani nimefukuzwa na familia. Hiyo ndiyo habari ambayo hakuna aliyenipa kwa siku tatu, na mimi ndiye mwandishi.

Jumatatu nililala kwa katekista Daudi, kwenye kitanda, ndani ya neti. Alivaa miwani akasoma barua ya kaka yake kwa sauti, akasoma kibandiko cha dawa yangu ya malaria, akasoma jina la kiwanda kwenye tairi la Glodi. Alisema tangu Pasaka alikuwa anasoma Injili kwa kukumbuka.

Jumanne saa nne tulikuta jeep ya Lambert kilomita 221. Daraja la magogo lilikuwa limekatika chini ya magurudumu ya nyuma. Hakuna aliyeumia. Walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki kando ya barabara, tangu Jumamosi, na bia ilikuwa imekwisha. Gogo moja lilibaki zima. Glodi na watu wa kijiji waliipitisha pikipiki kwa kuibeba. Mimi nilipita na mfuko kichwani.

"Petite, huo una kilo ngapi?" Lambert aliuliza.

"Sita na kidogo."

"Mimi niko na tani moja na sina hata kalamu kavu."

Nilimwambia apande nyuma ya Glodi badala yangu kama anataka, mimi nitatembea. Sijui kama nilimaanisha. Alicheka, akasema goti lake haliwezi na kwamba fundi wake hawezi kuachwa. Kisha akatoa mfukoni bahasha na paketi ndogo: vidonge vya shinikizo la damu vya mama mkwe wake, anayeishi nyuma ya kanisa hapa Opala. Zilikuwa zimechelewa siku tatu. "Utabeba?" Gramu 60, kwa kukadiria. Nikabeba. Tulifika Jumanne saa kumi na moja, na mlango wa kwanza niliobisha ulikuwa wa mama mkwe wa Lambert. Alimeza kidonge mbele yangu, kisha akamsema mkwe wake kwa nusu saa. Sitayaweka katika taarifa.

Jana mahakama ilifunguliwa saa tatu na robo, chini ya paa la mabati la jumba la mikutano. Nilikaa mstari wa pili. Akina mama sita wametoa ushahidi. Wa kwanza aliulizwa na wakili wa kampuni anajuaje shamba lilikuwa na ukubwa gani ikiwa hajui kupima. Akajibu: "Nilipanda mashina elfu moja na mia mbili. Niliyapanda kwa mukono. Weye ulihesabu nini?" Hakimu aliandika. Nilinasa jibu lake na ukimya uliofuata, sekunde sita. Ukimya nimeuacha ndani ya taarifa.

Mnara wa simu wa Opala ulikuwa umezima tangu Jumapili kwa kukosa mafuta. Saa tisa na nusu nilikwenda kwa Hamadi na viraka vyake mkononi. Nilitaja binamu zake kwanza, jina langu la pili, redio mwisho. Aliwasha jenereta kwa dakika kumi. Sauti ilikuwa ya dakika moja na sekunde arobaini. Ilikwenda katika dakika ya saba. Barua hii yenyewe inakuja na mtu wa pikipiki kwa sababu dakika tatu zilizobaki Hamadi alizitumia kutazama matokeo ya mpira.

Nilimuuliza kama anakukumbuka. "Zakaria? Ule alikuwa anafika hapa na mufuko kidogo sawa ya mwanafunzi, na bifurushi vya bantu mpaka kwa shingo. Tulikuwa tunamuita Duka."

Duka, tonton. Jina hilo nalo hukulitaja.

Hasira imekwisha. Mfuko umebaki na kilo tano na gramu mia tisa, na sijui niongeze nini.

Priscille


Kabondo, Kisangani
Jumamosi, 21 Juni 2025

Kwa Priscille, Opala

Ofisi ya Opala ni yako kuanzia Jumanne tarehe 1 Julai, kwa miaka miwili. Mama Benie amesema hivyo jana saa mbili asubuhi katika kikao cha habari, mbele ya watu kumi na watatu, na tangazo limebandikwa mlangoni. Berthe amelinakili, nakala iko ndani ya bahasha hii. Jina lako limeandikwa kwa ukamilifu na bila kosa.

Lambert amerudi Alhamisi kwa pikipiki ya kukodi, pamoja na fundi. Jeep bado iko kilomita 221. Aliinua mkono kabla Mama Benie hajamaliza akasema yeye ni shahidi: alikuona ukipita juu ya gogo na mfuko kichwani, hukushika kitu. Alisema pia kwamba ulimpa kiti chako kwenye pikipiki. Hilo nimelithibitisha katika barua yako. Umeandika kwamba hujui kama ulimaanisha, na Lambert anasema ulimaanisha. Nachukua neno la Lambert.

Kuhusu taarifa yenyewe. Jumatano saa kumi na mbili kasoro dakika tano Berthe aliweka redio mezani na karatasi pembeni yake. Nilikaa mbele yake nikitazama mkono. Habari ya kwanza ilikuwa ya gavana, hakuandika. Ya pili ilikuwa ya bei ya saruji, hakuandika. Kisha mkono ulianza kwenda. Aliandika kila neno, na pale kwenye jibu la yule mama aliacha kuandika, akainua kalamu hewani, akaishikilia. Nilidhani redio imekatika. Alitikisa kichwa. Baada ya barua yako nimejua zilikuwa zile sekunde sita. Niliweza kuuona ukimya wako mkononi mwake, na mwandishi aliyenifundisha kazi hakuwahi kunionyesha ukimya uliowekwa vizuri hivyo. Karatasi ile imeisha na maneno: "Kutoka Opala, Priscille Kalonda." Jina la ukoo wetu. Nimeisoma mara kadhaa, idadi sikuiandika.

Katika kikao hichohicho niliomba dakika tatu. Niliwaambia vijana wote kwamba habari ya Mfuko Mmoja waliyokuwa wakiisimulia ilikuwa pungufu, na pungufu ilikuwa ya makusudi, na aliyepunguza ni mimi. Niliwaambia habari za vifurushi. Niliwaambia pia, hata kabla ya barua yako kufika, kwamba Opala waliniita Duka. Naona walicheka sana. Mmoja wao, Héritier, alilia machozi ya kicheko. Mama Benie ameandika kwenye kitabu cha mafunzo kwamba mwandishi anayekwenda territoire atatengewa kilo moja ya vitu vya watu, na kwamba kilo hiyo haikatwi na mhariri yeyote. Dada yangu Marthe ameambiwa, na amesema kilo moja ni kidogo.

Nilikuwa na jina moja kwa miaka mingi nikalilinda. Sasa nina la pili, lililo la kweli zaidi, na limerudishwa na mtoto wa ndugu yangu kutoka mahali ambapo wanaume wenye jeep hawakufika. Sijutii mabadilishano hayo.

Kazi. Umebakiza mashahidi wangapi hukuandika. Kwa hesabu yangu, baada ya sita wa Jumatano, wamebaki kumi na wawili; thibitisha wangapi walisikilizwa Alhamisi na Ijumaa. Wakili wa kampuni umempa nafasi ya kujibu? Kama hujampa, mpe kabla ya hukumu, na uandike saa uliyomwomba. Mstari wa pili ni mbali kwa kipaza sauti cha gramu thelathini. Mama Benie amemwandikia karani wa mahakama.

Jephté anaondoka na barua hii kesho Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Mahakama inarudi Jumatatu tarehe 23, saa tatu. Hukumu itasomwa Jumanne tarehe 24 Juni, saa tatu asubuhi, katika jumba lilelile. Kiti chako ni cha mstari wa mbele, kushoto kwa karani.

Tonton Zakaria